Mageuzi Kazini (2): Ng'ombe wa 1938 na Sahihi ya Kamati

Katika sehemu ya kwanza tulidai kwamba mageuzi mengi katika mashirika na ofisi zetu hayafi kwa uhaba wa fedha, bali kwa kukosa wenyewe. Leo tulipime dai hilo Ukambani, ambako ushahidi wake ni wa karibu karne nzima. Uongozi unaomweka mtu mbele umegeuzwa kaulimbiu ya semina za hotelini: mkubwa wa kazi hufundishwa kutabasamu, kuulizia habari za watoto na kukata keki mwisho wa mwaka. Hayo si mabaya, ila hayagusi suala lenyewe, yaani nani aliamua, na anayebeba mzigo wa uamuzi aliingizwa lini.

Mwaka 1938 Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, ingawa walowezi waliokwisha kutwaa ardhi na kuwabana watu katika hifadhi walikuwa na mchango wao katika hali hiyo. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei ya kutupa, wakati kampuni ya Liebig imefungua kiwanda cha nyama Athi River. Mwenye zizi hakuhitaji shahada kujua faida inaelekea wapi. Umati ukiongozwa na Muindi Mbingu ukaenda Nairobi na kupiga kambi huko, ukitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mwaka haukuisha kabla ya serikali kuachana na upunguzaji huo wa lazima.

Kisa cha matuta ya kuzuia mmomonyoko, huko huko Machakos, kinafundisha zaidi, kwa kuwa hapo wananchi hawakukataa kazi yenyewe. Machifu waliwasimamia watu wachimbe mitaro myembamba iliyotupa udongo upande wa chini wa mteremko. Mvua ikija udongo unarudi mtaroni, na kazi inaanza upya. Kuanzia miaka ya 1950 wakulima wengi walielekea kwenye fanya juu, ambapo udongo hutupwa upande wa juu na shamba hujitengeneza ngazi pole pole. Kazi hiyo ni nzito zaidi, lakini inadumu. Wakati huo huo vikundi vya mwethya, utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi, viliachiwa kuchagua viongozi wao, wengi wakiwa wanawake. Uhuru ulipokaribia amri zikalegea na matuta mengi yakatelekezwa kwa muda. Kisha wakulima wakayajenga tena bila chifu wala faini, kwa sababu mahindi, kahawa na matunda yaliwalipa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa 1994, walionyesha kuwa idadi ya watu wa Machakos ya zamani ilikua zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado ardhi ikawa inatunzwa vizuri kuliko mwanzo.

Makueni ilipopata serikali yake ya kaunti mwaka 2013, Gavana Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria, aliujenga ushiriki wa wananchi kwa ngazi: vijiji, vikundi vya vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, hadi jukwaa la kaunti nzima. Mikutano peke yake isingenishawishi. Kenya haina uhaba wa mabaraza. Kinachonishawishi ni kamati za miradi zinazochaguliwa na wakazi wenyewe. Mkandarasi akimaliza zahanati au kisima, kamati inakagua, na bila sahihi yake malipo hukwama. Mama anayeuza mboga mjini Wote anaweza kumwambia mkandarasi kwamba mlango haufungi, na maneno yake yakawa na uzito wa hundi.

Kuna watakaosema utaratibu huu ni wa polepole, na mambo ya kitaalamu hayapigiwi kura. Ni kweli kwamba unachelewesha. Ila hesabu ya kasi inafaa ifanywe hadi mwisho: mtaro uliochimbwa kwa amri ulikuwa wa haraka, ukachimbwa tena na tena. Na kuhusu utaalamu, kwenye matuta mkulima ndiye aliyekuwa sahihi. Kitui, ambayo pia iko Ukambani, nayo ina jibu lake. Huko shirika la SASOL na vikundi vya wenyeji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta unakatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanahifadhika humo mbali na jua. Fundi analeta ujuzi, shirika linaleta saruji, wenyeji wanaleta mawe na nguvu zao. Hata hapo tuwe macho, kwani kumbebesha mwanamke mawe bila kumshirikisha katika kuchagua mahali pa ukuta ni kazi ya bure iliyopewa jina zuri.

Pingamizi kubwa zaidi ni la 2014. Ikiwa Makueni ilisikiliza watu hivyo, mbona gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa mjini Wote mwezi Septemba, na watu wakajeruhiwa? Tume ya Mohammed Nyaoga, iliyochunguza mgogoro huo, ilipendekeza kaunti ivunjwe; Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kwa maoni yangu, pamoja na tamaa ya fedha, waliosahauliwa walikuwa watu wa kati. Mwananchi alipewa sauti moja kwa moja, na mwakilishi wadi, aliyezoea kuwa mlango wa kila ombi, akaona anapitwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wasimamizi wa zamu na wakuu wa vitengo: wafanyakazi wa chini wanaulizwa maoni, mkurugenzi anapigiwa makofi, na msimamizi aliyepoteza madaraka yake anaukwamisha mpango kimya kimya. Sehemu ya tatu itawahusu hao.

Kwa sasa, mkurugenzi anayetaka kubadilisha zamu, mfumo wa kompyuta au ngazi za mishahara na ajiulize: katika mpango huu, ni kipengele kipi ambacho wafanyakazi wakikikataa kitaondolewa? Kama hakipo, asiite mkutano wa kukusanya maoni. Atoe amri, na aiite amri.