Pikapu ya Dizeli kwa Mizigo ya Garsen: Namna ya Kuichagua na Kuilipa Bila Kulizwa

Simama Minjila asubuhi yoyote uangalie kinachopita. Maembe kutoka Ngao yanaelekea Malindi. Mbuzi wamefungwa nyuma ya pikapu wakienda mnadani. Samaki wa Kipini wamelala kwenye barafu, na matangi ya maji yanapelekwa kwa wafugaji bondeni. Karibu mizigo hii yote inabebwa na pikapu za dizeli, na nyingine zinavuta trela pia.

Ndiyo maana wateja wetu wengi wa Tana River wanaweka akiba wakiwa na ndoto moja: kununua pikapu yao. Wengine wako peke yao, wengine wako kwenye chama. Ni ununuzi mkubwa, na unaweza kwenda mrama kwa njia mbili. Unaweza kununua gari lisiloweza kazi yako, au ukatuma pesa kwa mtu ambaye hana gari kabisa. Makala haya yanagusa yote mawili.

Kwa nini dizeli?

Injini ya dizeli ina nguvu ya kuvuta hata ikizunguka polepole. Ukiwa na mzigo kwenye matope, hiyo ndiyo nguvu unayoitaka, si mbio. Pia inakunywa mafuta kidogo kuliko petroli kwa kazi ileile, na kwa gari linalotembea kila siku tofauti hiyo inaonekana mfukoni.

Lakini dizeli za kisasa zina tabo na nozeli zinazofanya kazi kwa presha kubwa sana, na hazipendi mafuta machafu. Maji kidogo tu au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kuua nozeli, na nozeli si spea ya bei rahisi. Nunua mafuta kwenye kituo unachokiamini, badilisha filta kwa wakati, na umwage maji yanayokusanyika chini ya filta. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo pigia hesabu ya biashara yako tarehe hiyo.

Anza na uzito, si na jina la gari

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Hilux au D-Max?" Swali la kwanza linafaa kuwa: nitabeba kilo ngapi?

Pikapu nyingi tunazoziona huitwa za tani moja. Hiyo tani inajumuisha kila kitu unachoongeza kwenye gari, sio magunia peke yake. Tufanye hesabu ya mfano kwa gari lenye uwezo wa kilo 1,000:

- Dereva na wasaidizi wawili, kilo 70 kila mmoja: kilo 210
- Bampa ya chuma na kichanja ulichochomelea: kilo 120
- Uzito wa trela unaokalia ndoano ya nyuma: kilo 150

Jumla ni kilo 480. Umebakiwa na kilo 520, yaani magunia 10 ya kilo 50. Sio 20.

Maji ndiyo hudanganya watu zaidi. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa, limemaliza tani yote kabla hata dereva hajaketi. Ukiona pikapu imeinua pua juu kama ndege inayopaa, ujue breki za mbele na usukani havishiki barabara vizuri.

Kuna wanaoongeza majani ya springi wakidhani wameongeza uwezo. Springi itakaza, ni kweli. Lakini chasisi, ekseli, breki na tairi ni zilezile. Mzigo ukizidi kwa muda mrefu, chasisi hupinda au kupasuka nyuma ya kabini.

Trela ina hesabu yake

Pikapu nyingi za kisasa za 4x4 zimepewa na watengenezaji uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500, ikiwa trela ina breki zake. Trela isiyo na breki, kiwango cha kawaida ni kilo 750 pekee. Trela nyingi zinazochomelewa kwenye karakana zetu hazina breki, kwa hivyo usisome ile namba kubwa ukafurahi. Soma ile ndogo.

Mambo manne ya kukumbuka:

1. Kama asilimia 10 ya uzito wa trela inafaa kukalia ndoano. Trela ya kilo 1,500 iweke kilo 150 hapo, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu.
2. Panga vitu vizito mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ukiviweka nyuma, trela itaanza kuyumba kama mkia wa samaki.
3. Ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka.
4. Kuna kikomo cha pikapu na trela zikiwa pamoja. Kwa kawaida huwezi kujaza pikapu hadi mwisho na bado uvute kilo 3,500.

Trela pia ina usajili wake na namba yake. Hakikisha inamulika taa za nyuma, ina mnyororo wa usalama, imo kwenye bima, na leseni ya dereva inaruhusu kuivuta.

Hesabu hii haibadiliki hata kama mzigo wako ni wageni. Hifadhi ya nyani ya Tana River, iliyoanzishwa 1976, na delta yenyewe ni mahali pazuri kwa kijana anayetaka kufanya utalii wa kambi. Trela ya kulala ina kitanda, jiko, betri na tangi la maji, na kila kimoja kina kilo zake. Ipime ikiwa imejaa, sio ikiwa tupu kwa muuzaji.

Barabara zetu zinataka nini?

Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na lami inaendelea kupitia Witu kuelekea Lamu. Kama kazi yako ni hiyo peke yake, pikapu ya magurudumu mawili ya kuvuta inatosha, na itakuokolea pesa ya kununua na ya mafuta.

Lakini ukikata kona kuingia vijijini, mambo hubadilika. Udongo mweusi wa delta ukinyeshewa huwa kama sabuni. Hapo unahitaji 4x4 yenye gia nzito na tairi zenye meno. Pia fikiria mafuriko. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara karibu na Madogo, na mwaka 2024 maji yakarudi. Hakuna pikapu ya kushindana na maji yanayokwenda kasi. Injini ya dizeli ikivuta maji kupitia njia ya hewa, inaweza kuvunjika ndani kwa sekunde moja. Ukishapita kwenye maji mengi, mwambie fundi akague oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Sasa majina

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, ni mzee wa kazi. Haina tabo, pampu yake ni ya kimakanika, na mafundi wengi wanaifahamu. Ubaya ni bei yake na unywaji wake wa mafuta. Usisahau kubadilisha mkanda wa taimingi.

Isuzu D-Max inaunganishwa hapa nchini na Isuzu East Africa, kwa hivyo spea si shida. Injini zake za lita 2.5 na 3.0 zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kabini moja ndiyo kipenzi cha wabeba mizigo kwa sababu kitanda chake ni kirefu.

Toyota Hilux ya dizeli ni rahisi kuiuza tena. Zile za miaka ya 2005 hadi 2015, zenye injini za lita 2.5 na 3.0, zina mkanda wa taimingi, kwa hivyo muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Zilizofuata, za lita 2.4 na 2.8, zina cheni.

Ford Ranger, Mitsubishi L200 na Nissan Navara pia zinavuta vizuri. Kabla ya kuchagua mojawapo, uliza swali moja: ikiharibika Garsen, spea itatoka wapi na itachukua siku ngapi? Gari likilala siku tano, maembe hayasubiri.

Kukagua ya mtumba

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi.

- Moshi wa buluu unamaanisha oili inaungua. Moshi mweusi mzito unaashiria shida ya mafuta au hewa. Moshi mweupe usioisha, angalia nozeli au maji ya kupoza injini.
- Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu, injini imechoka.
- Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Ukiona tope au mstari wa maji, gari liliwahi kuzama. Inua na zulia pia.
- Lala chini uangalie chasisi. Chumvi ya pwani hula chuma polepole. Tafuta mahali palipochomelewa upya.
- Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu.

Hapa ndipo pesa yako inapookoka

Tuseme chama cha watu wanne wa Minjila kimepata pikapu ya KSh 900,000. Muuzaji yuko mbali, picha ni nzuri, na anasema kuna mteja mwingine njiani: "Tumeni deposit sasa hivi niwashikie." Pesa hiyo ni mbuzi waliouzwa, ni mavuno ya misimu miwili. Wafanye nini?

Kwanza, wasitume chochote kabla ya kuliona gari. Haraka ya muuzaji isiwe haraka yenu. Matapeli hupenda bei ya chini kuliko soko, picha za kuokota mtandaoni, na hadithi ya mwenye gari anayehama nchi.

Pili, watafute rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada ni ndogo, na hulipwa kupitia Paybill ya serikali, 222222. Rekodi itaonyesha mmiliki ni nani, na kama benki au kampuni ya mkopo imeandikwa kama mmiliki mwenza. Gari lenye mkopo linaweza kuchukuliwa hata kama umelilipa lote.

Tatu, walinganishe majina. Jina kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN vinafaa kuwa mtu mmoja. Kama ni yadi ya magari, lipeni kwa Paybill au Till ya kampuni, si kwa namba ya "dereva wetu" au "karani wetu".

Nne, walipe kwa hatua. Kwa sasa muamala mmoja una kikomo cha KSh 250,000, na kwa siku huwezi kuzidisha KSh 500,000. Pikapu ya KSh 900,000 itachukua miamala minne na siku mbili. Usione kama usumbufu. Itumieni nafasi hiyo: kiasi kidogo baada ya ukaguzi, kikubwa baada ya mkataba kusainiwa mbele ya wakili, na cha mwisho muuzaji akishaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA. Mkipenda, sehemu kubwa ipitie benki kwa benki.

Tano, wakamilishe uhamisho mara moja. Sheria inatoa siku 14. Gari likiendelea kuwa kwa jina la mtu mwingine, likipata ajali au likidaiwa, nyinyi ndio mtakaohangaika.

Na mjue hili: huduma ya kurudishiwa pesa ni ya kutuma kimakosa kwa namba isiyofaa. Haikuundwa kwa ajili ya muuzaji aliyekudanganya, na tapeli huzitoa pesa dakika zilezile. Ukilizwa, piga simu kwa huduma kwa wateja papo hapo kisha uripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Usiufute.

Gari likianza kazi

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua namba ya Till ya pikapu peke yake, isichanganyike na pesa ya unga na karo. Kila safari ilipwe hapo, na mafuta yalipwe kutoka hapo. Mwisho wa mwezi, taarifa ya miamala itakuambia kama gari linakulisha au wewe ndiye unayelilisha. Hiyo hiyo taarifa ndiyo utakayoionyesha benki ukitaka mkopo wa pikapu ya pili.

Tenga kidogo kutoka kila safari kwa ajili ya tairi, oili na bima, na uzifungie kwenye akiba. Kwa chama, amueni mapema nani anaona taarifa hiyo. Jibu zuri ni: kila mwanachama.

Kabla ya kuweka PIN, jiulize maswali matatu tu. Nimelipima gari kwa mzigo wangu halisi? Nimeona rekodi ya NTSA kwa macho yangu? Jina linalosoma kwenye simu ni la mwenye gari? Kama jibu la moja ni "bado", subiri. Pikapu nyingine zipo, ila akiba ya misimu miwili ikipotea hairudi kwa kubonyeza kitufe.