Kufuata Maji: Utangulizi wa Elimu ya Unyevu na Ukungu katika Nyumba za Zamani

Bujumbura kuna kazi ambayo fundi wa rangi huitiwa kila mwaka ingawa si yake. Mvua za Machi na Aprili zimepiga, kona ya chumba imekuwa nyeusi, nguo kabatini zinanuka, na mwenye nyumba anataka ukuta uwe mweupe kabla ya harusi. Fundi anakwangua, anapitisha javeli, anapaka rangi mkono wa kwanza na wa pili, anapokea ujira wake na kwenda zake. Oktoba mvua zikianza tena, weusi unarudi palepale. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi, na muuza rangi huulaumu ukuta. Katika wote watatu, hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Kinamkaribisha mwanafunzi wa ujenzi, mwashi, fundi bomba, muuguzi wa kituo cha afya, mpangaji na mwenye nyumba, kwa sababu elimu ya unyevu majumbani ina milango mingi. Mwanabiolojia huingia kwa kuuchunguza ukungu, mwanafizikia kwa kupima joto na mvuke, daktari kwa kusikiliza kifua cha mgonjwa, na mwanahistoria kwa kuuliza nyumba ilijengwaje na nani. Wakishaingia, wote hujikuta wakizungumzia safari ileile ya maji ndani ya kuta.

Tuanze na ukungu wenyewe. Mbegu zake hazionekani kwa macho, nazo zimo katika hewa ya kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, inayofagiliwa na isiyofagiliwa. Chakula chake ni karatasi, mbao, ngozi, gundi, rangi, hata vumbi lililoshika ukutani. Joto linaloufaa ndilo linalotufaa sisi, na Bujumbura, yenye wastani wa nyuzi 23 au 24 hivi, inalo mwaka mzima. Katika mahitaji yake yote, tunaloweza kuunyima ni maji. Unyevuanga kwenye uso wa ukuta ukidumu juu ya asilimia 80, aina nyingi huanza kuota. Kitu kilicholowa kabisa kinaweza kuota ndani ya siku moja au mbili. Uso ukibaki mkavu, mbegu zitaendelea kuwepo bila kufanya lolote. Anayeua ukungu bila kukausha ukuta amefyeka magugu akaacha mizizi.

Binadamu wameyajua maradhi haya ya nyumba tangu kale. Sura ya 14 ya Mambo ya Walawi ina utaratibu kamili: vyombo vitolewe nje, kuhani akague madoa, nyumba ifungwe siku saba, mawe yaliyoathirika yang'olewe na kutupwa nje ya mji, kuta zikwanguliwe na kupigwa lipu upya, doa likirudi na kuenea, nyumba ibomolewe. Kukagua, kutenga, kuondoa, kisha kukagua tena: mpangilio huo haujaachwa hadi leo. Kilichokosekana pale ni kumtafuta aliyelilisha doa. Mwaka 1837 August Corda alieleza kuvu mweusi aliyempata kwenye karatasi ya ukutani huko Prague, ambaye leo anaitwa Stachybotrys chartarum. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba ukungu uliomea penye rangi ya kijani yenye arseniki unaweza kutoa gesi yenye sumu. Kazi ya kuondoa ukungu ilianza kupata miongozo yake rasmi katika miaka ya 1990, jiji la New York likitangulia mwaka 1993. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu. Halikuweka kiwango cha mbegu hewani kinachoweza kuitwa salama. Lilisema kwamba unyevu wa kudumu na ukungu vizuiwe visitokee. Kwa maneno mengine, madaktari nao wameishia penye maji.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Mji huu wa Bujumbura ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwaka 1897. Wabelgiji wakauteka mwaka 1916, wakauendeleza kwa jina la Usumbura, na jina la Bujumbura likaja na uhuru wa 1962. Kila kipindi kimeacha kuta zake. Mtaa wa Rohero kuna nyumba za wakati wa Wabelgiji, nyingi zikiwa na dari ndefu, barza pana na matundu ya hewa chini ya paa. Ngagara, iliyojulikana kwa muda mrefu kama OCAF, ina nyumba za miaka ya 1950 zilizojengwa na Office des Cités Africaines. Buyenzi na Bwiza nyumba zimebanana, nyingi zikiwa zilianza kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, kisha zikaongezewa chumba baada ya chumba na aneksi baada ya aneksi.

Nyumba hizi hazilingani kwa hadhi, lakini waashi wake walikuwa na wazo moja. Hawakuwa na karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya sakafu wala rangi isiyopitisha maji. Walijua ukuta utalowa, wakahakikisha unapata njia ya kukauka: paa lililotokeza mbali na ukuta, lipu ya udongo au chokaa inayopitisha mvuke, matundu yasiyozibwa, ua unaopigwa na jua. Hoja ninayoitetea tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni kwamba nyumba ya zamani hulowa leo kama ilivyolowa zamani. Kilichobadilika ni kuwa tumeizuia kukauka. Matundu yamezibwa kwa kuogopa mbu na wezi. Barza imegeuzwa chumba cha kupangisha. Ua umesakafiwa kwa saruji hadi ukutani. Aneksi imeegemezwa kwenye nyumba kubwa, na ukuta uliokuwa ukipata jua la asubuhi haulipati tena. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri, na kila moja lilipunguza saa za kukauka.

Maji huingia nyumbani kwa njia nne, na kila njia ina dalili zake. Njia ya juu ni paa: msumari wa bati ulioachia, au mfereji ulioziba kwa majani ya mwembe. Huacha doa la kahawia lenye kingo kwenye plafoni, na doa hukua kila mvua inaponyesha. Njia ya chini ni msingi: maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyembamba, kwa kawaida hayapiti mita moja na nusu, na yakifika mwisho wa safari huacha chumvi nyeupe inayobandua lipu. Njia ya tatu ni bomba linalovuja. Hili halijui masika wala kiangazi. Funga koki zote za nyumba, kisha itazame mita ya Regideso, shirika la maji. Ikiendelea kuzunguka, umepata jibu bila kuvunja hata kigae. Njia ya nne ni hewa yenyewe, ambayo hubeba mvuke wa sufuria, wa nguo zilizoanikwa ndani na wa pumzi za watoto waliolala chumba kimoja. Weusi wake hukaa nyuma ya kabati na kwenye kona ambazo hewa haitembei.

Njia hii ya nne ndiyo hudanganya wengi. Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevuanga wa asilimia 75: kila mita ya ujazo ina takriban gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi karibu nyuzi 20 haiwezi tena kuubeba wote, na ziada hugeuka umande. Usiku wa mbingu wazi, bati hupoa upesi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa nyumba ukipanda hadi hapo, matone hujipanga chini ya bati na kudondokea plafoni. Asubuhi mwenye nyumba anaona doa ingawa mvua haikunyesha, anamwita fundi azibe matundu yasiyokuwepo, na fundi akishaziba kila upenyo, mvuke unakosa pa kutokea. Kipimo cha kutofautisha ukuta unaotoa maji na ukuta unaoyapokea hakihitaji mashine. Bandika kipande cha plastiki ukutani kwa gundi pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa ndani wa plastiki, yanatoka ukutani. Yakionekana upande wa chumba, yametoka hewani.

Bujumbura ina jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havitakufundisha: ziwa linalopanda. Tanganyika ilifikia kiwango cha juu sana mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia. Ikashuka, miji ikaisogelea, kisha ikaanza kupanda tena. Mwaka 2024 ilikaribia kiwango kile cha 1964. Gatumba, ambako mto Rusizi nao ulifurika mwaka 2020, Kajaga na Kibenga zimeona maji yakiingia sebuleni. Lakini mtaalamu wa unyevu hutazama pia nyumba ambazo ziwa halikuzifikia, kwani maji ya ardhini ya tambarare hupanda pamoja na ziwa, na msingi uliokuwa mkavu kwa miaka 40 huanza kunywa. Sheria ya maji ya 2012 imetenga mita 150 kandokando ya ziwa zisijengwe. Umbali huo unalinda ufuo, na unalinda kuta vilevile.

Baada ya mafuriko, haraka ndiyo huharibu. Tope liondolewe, godoro na mbao za kubandika zilizolowa zitupwe, madirisha yafunguliwe. Hayo yafanywe siku ileile. Lipu mpya isubiri. Kuna kanuni ya kienyeji ya wajenzi wa Uingereza kwamba ukuta huhitaji mwezi mmoja hivi kwa kila inchi ya unene wake ili ukauke. Hali yetu ya hewa si yao, na ukuta unaopata upepo pande zote mbili hukauka upesi zaidi, lakini fundisho linabaki: kalenda ya kazi hii ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Anayepiga lipu Aprili anayafungia maji ndani.

Na lipu ipi? Hapa tuna mwalimu karibu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Wahifadhi wake wamejifunza kwamba saruji ngumu juu ya ukuta laini wa chokaa huzuia mvuke, hukusanya chumvi nyuma yake, kisha hubanduka ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ukuta. Rukarakara ya Buyenzi ina tabia hiyohiyo, tena udongo ukikaa na maji hupoteza nguvu yake ya kubeba. Saruji ni nzuri mahali pake. Juu ya udongo ni kifuniko.

Kuhusu afya, msomaji ataombwa awe na kiasi. Ushahidi ni imara kwamba nyumba zenye unyevu na ukungu huenda pamoja na kikohozi, kubanwa na kifua, na pumu kuzidi. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baadhi ya watu waliopona kifua kikuu, hasa waliobaki na mashimo mapafuni, hushikwa na ugonjwa wa kudumu wa kuvu aina ya Aspergillus. Watu kama hao hawapaswi kukwangua ukuta wenye ukungu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak wa miaka 2, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kuwa chanzo kilikuwa ukungu wa nyumba ya kupanga. Sheria ikabadilishwa. Hata hivyo, si kila doa jeusi ni sumu, na rangi ya ukungu haitoi hukumu yoyote.

Uondoaji wenyewe, ukishajua maji yanakotoka, ni kazi ya adabu kuliko ya dawa. Chanzo huzibwa kwanza. Chumba hutengwa kwa plastiki ili mbegu zisisambae. Fundi huvaa barakoa inayochuja chembe, glavu na miwani. Vitu vinavyonyonya maji, kama plafoni ya kadibodi, hukatwa na kufungwa mifukoni. Vigumu husuguliwa kwa sabuni na kukaushwa. Javeli hung'arisha uso, lakini haifiki mizizi iliyomo ndani ya lipu au mbao, na haichanganywi kamwe na amonia wala tindikali, kwani gesi inayotoka inaweza kuua. Doa lisilozidi mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulimudu mwenyewe. Likizidi hapo, au mafuriko yakiwa yamehusika, aite mwenye ujuzi.

Wataalamu bado wanabishana, na mwanafunzi asiogope ubishi huo. Wapo wanaosema maji yanayopanda kutoka ardhini husingiziwa mno, na kwamba kuta nyingi zilizochomwa sindano za dawa zilihitaji tu mfereji wa paa uliozibuliwa. Wapo wanaouza vipimo vya hewa ambavyo taasisi nyingi za afya hazivipendekezi kama desturi, kwa kuwa ukungu ukionekana au ukinuka tayari unajua cha kufanya. Na ipo hoja ya nani alipe: mpangaji anayeanika nguo chumbani kwa sababu ua umejaa aneksi hawezi kubeba lawama peke yake.

Kabla ya kuendelea, chora ramani ya nyumba unayoishi. Weka alama penye kila doa, andika mwezi lilipotokea, na mbele yake moja ya njia nne unayoishuku. Fanya hivyo kupitia masika moja na kiangazi kimoja. Sura ya kwanza inaanza juu, kwenye paa, kwa kuwa kasoro zake ndizo rahisi zaidi kuzirekebisha na ndizo zinazopuuzwa zaidi.