Fahamu: Deni lako la simu si habari ya jamaa zako

Umechelewa kulipa mkopo wa simu siku tatu. Shemeji yako anapokea ujumbe: "Mwambie alipe." Aibu inakuingia hata kabla hujajua nani kamwambia.

Nchini Kenya, hilo ni kosa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuchukua namba zilizo kwenye simu yako ili awatumie watu ujumbe kuhusu deni lako. Vitisho na matusi pia ni marufuku.

Nyuma ya kanuni hizo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa zako zikusanywe kwa sababu uliyoelezwa, zisizidi zinazohitajika, na zilindwe. Zikivuja na kukuweka hatarini, kampuni ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea kiasi kipi kati ya hivyo viwili ni kidogo zaidi.

Ufanye nini? Hifadhi picha za ujumbe huo, kisha umlalamikie Kamishna. Deni hulipwa, heshima ikishavunjwa, hairudishwi kwa awamu.