Remmy Ongala aliimba ‘soksi’ wazazi walipokaa kimya

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata, familia nyingi zilizika vijana wao na kusema wamerogwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila wakatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na wakati huo hakukuwa na redio binafsi. Wimbo ukasambaa kwa kanda na kwenye kumbi za dansi.

Mtoto wa njia ya misafara

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Maniema, mashariki mwa Congo. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, hivyo mganga aliagiza huyu asinyolewe. Ndiyo asili ya zile rasta.

Kiswahili kilifika Maniema karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Ilipitisha pia lugha. Remmy alipoingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, lugha ya wasikilizaji wake ilikuwa imeshafika kwao zamani.

Akaitumia kuwasemea maskini, kwa nyimbo kama Mnyonge Hana Haki na Kifo. Alifariki dunia Desemba 13, 2010.

Somo kwa mzazi

Remmy hakutumia lugha ya daktari. Alichukua neno la mtaani ambalo kijana analielewa, akasema bila kutukana.

Mzazi wa leo ana habari njema zaidi ya kumpa mwanawe. Kondomu ikitumiwa vizuri kila mara hukinga. Anayeishi na VVU akimeza dawa kila siku, virusi vikafubaa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mama mwenye VVU anayetumia dawa anaweza kujifungua mtoto asiye na maambukizi.

Anza na swali dogo: shuleni wanawaambia nini kuhusu Ukimwi? Kisha msikilize kabla ya kumkemea. Ukinyamaza, atajibiwa na wenzake au na simu.