Fremu Namba 58

Kila Jumamosi alfajiri, tukishaipita Bunju kuelekea Bagamoyo, vidole viwili vya mwisho vya mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi. Nilivikung'uta, nikavipulizia, nikanunua glavu zenye sponji nene. Nikabadilisha hata usukani. Miezi minane yote sikuwahi kufikiri kwamba tatizo lilikuwa kwenye kitu cha kwanza kabisa nilichokilipia, yaani fremu.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba, ya resi hasa, chuma chembamba chenye rangi ya damu ya mzee, na nilishaipenda kabla sijauliza bei. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Unatafuta namba ngapi, bosi?" Alimaanisha tairi. Huku kwetu baiskeli huitwa kwa tairi lake: 24 ya mtoto, 26 ya kijana, 28 ya mzee wa mkaa. Kwa baiskeli za resi swali hilo halikupeleki mbali, kwa kuwa nyingi hutembelea tairi lile lile la 700C, mpandaji awe mfupi au mrefu. Kinachotofautiana ni fremu. Yangu ilikuwa na kibandiko cha 58. Mimi nina sentimita 171 nikivua viatu. Muuzaji akaishusha siti, nikapanda, akanipiga bega: "Imekukaa kama umezaliwa nayo."

Na miguu ilikaa kweli. Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge. Siti hupanda na kushuka, kwa hiyo mtu akifikia pedali anaona mambo yameisha. Lakini umbali kutoka kwenye siti mpaka kwenye usukani hauna skrubu ya kuupunguza kwa kiasi kikubwa. Mwenye fremu ndefu kuliko mwili wake hulazimika kujinyoosha kama anayechungulia kisimani, na uzito wote wa kifua unaangukia viganja. Upande wa kidole kidogo, chini ya kiganja, unapita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole hicho na nusu ya jirani yake. Ukiugandamiza kwa saa mbili, utapata ganzi yangu ya Bunju.

Fundi mmoja wa Tegeta ndiye aliyenifungua macho, naye hakuigusa baiskeli kwanza. Alinisimamisha peku ukutani, akanipa daftari gumu la hesabu nilibane katikati ya mapaja, mgongo wa daftari ukiwa juu, nilivute mpaka lifike mahali ambapo siti ingefika. Akaweka alama ya penseli ukutani, akapima mpaka sakafuni: sentimita 80. Akazidisha kwa 0.67. Jibu 53.6. Akaitazama 58 yangu, akanitazama mimi, akacheka bila sauti.

Hesabu hiyo si yake. Ilienea miaka ya 1980 kupitia Mmarekani Greg LeMond, bingwa wa Tour de France mara tatu, aliyeipata kwa kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard. Ina ndugu yake: urefu huo huo wa mguu ukizidishwa kwa 0.883 unapata kimo cha siti kutoka katikati ya mhimili wa pedali. Kwangu mimi ni sentimita 70.6. Ni mahali pa kuanzia tu, lakini ni afadhali mara kumi kuliko kupigwa bega na muuzaji. Asiye na kikokotoo aketi kwenye siti, aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akirudisha unyayo wa mbele kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, huenda iko juu mno. Sogeza milimita 5, endesha siku mbili tatu, ndipo uguse tena.

Uvumilivu huo hata wakubwa uliwashinda. Septemba 1969 Eddy Merckx alianguka vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Blois, Ufaransa, katika ajali iliyomuua dereva wa pikipiki aliyekuwa akimwongoza. Mgongo na nyonga havikurudi sawasawa. Tangu hapo alijulikana kwa kuhangaika na kimo cha siti yake, hata katikati ya mashindano. Mtu aliyeshinda Tour mara tano alikuwa akitafuta milimita chache za nafuu.

Namba ya kwenye fremu nayo siku hizi inadanganya. Zamani 54 ilikuwa 54: urefu wa bomba la siti, bomba la juu likiwa limelala sambamba na ardhi. Katika miaka ya 1990 Mwingereza Mike Burrows, yule yule aliyebuni baiskeli ya Lotus ambayo Chris Boardman alipatia dhahabu Barcelona mwaka 1992, aliichorea kampuni ya Giant fremu yenye bomba la juu linaloteremka kuelekea siti. Ikawa nyepesi, ngumu, na saizi zikapungua zikawa kama za fulana: S, M, L. Basi M ya kiwanda kimoja inaweza kuwa L ya kingine. Ndiyo maana wajuzi wanauliza staki na richi. Chukua mhimili wa pedali, panda wima mpaka usawa wa tundu la juu la shingo ya fremu: hiyo ni staki. Kutoka hapo nenda mbele mpaka kwenye tundu lenyewe: hiyo ni richi. Kwa fremu nyingi za kimo changu richi ni sentimita 38 na kitu. Tofauti ya sentimita 2 hapo viganja vinaijua.

Nilijaribu kuikoa 58 yangu, sikatai. Nilisukuma siti mbele, magoti yakalalamika, maana siti hupangwa kwa ajili ya miguu, haikuwekwa kufupishia baiskeli. Nikafunga kishikio kifupi cha usukani badala ya kile kirefu, na baiskeli ikaanza kushtuka kwenye kona kama punda aliyeona chatu. Kama ningekosea kwa kununua ndogo kidogo, nguzo ndefu ya siti na kishikio kirefu vingenistahi. Wapandaji wengi wa kulipwa hufanya hivyo kwa makusudi. Ila si kila la kwao ni la kuigwa: jirani yangu, tangu aangalie mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025, anataka usukani ushuke chini kama wa bingwa Pogačar. Ana miaka 52 na anashinda kitini ofisini. Nimemwambia ashushe tumbo kwanza.

58 nimeiuza mwezi uliopita. Alikuja kijana mrefu kama mnazi, akavusha mguu, akasimama juu ya bomba la juu na nafasi ya vidole viwili ikabaki. Mimi nilikuwa naligusa. Akashika usukani, viwiko vikakunjika vyenyewe.

"Mzee, mbona nzuri hivi? Ina ubovu gani mpaka unaiuza?"

Nikaingia ndani kumletea daftari la hesabu.