Pembe ya Baruti na Mfuko wa Risasi

Leo tutazungumza juu ya gobori, yaani bunduki ya zamani inayoshindiliwa kwa mdomoni, na juu ya vitu alivyochukua mwenye kuipiga. Ninyi mlioko Katumba na Mpanda, somo hili lawahusu. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo vilifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, na msafiri Stanley akazunguka kusini, akapita Ukonongo, nchi ya kwenu. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa na magobori yaliyoletwa kutoka pwani, na ruga-ruga wa Mirambo walikuwa nayo pia.

Risasi ya bunduki ya leo imefungwa pamoja na baruti yake. Ya gobori sivyo. Baruti ilikuwa mbali, risasi mbali, fataki mbali, na kila kitu kilikuwa na mahali pake mwilini.

Kwanza, baruti. Hii ina maadui wawili: maji na cheche. Ikilowa haishiki moto. Ikiguswa na cheche hulipuka yote mara moja. Ndiyo sababu ilitiwa katika pembe ya ng'ombe. Pembe ni nyepesi, haipitishi maji, haipati kutu, wala haitoi cheche ikigonga jiwe. Pembe ilichemshwa mpaka mfupa wa ndani ukatoka. Upande mpana ulizibwa kwa ubao na nta. Ncha ilitobolewa tundu dogo lenye kizibo. Kisha ilifungwa ukanda, ikaning'inizwa begani. Wengine walitumia kibuyu. Hata wawindaji wa Marekani ya zamani walichukua baruti katika pembe ya ng'ombe, kwa sababu hizo hizo.

Pili, mfuko wa ngozi. Humo zilikaa risasi na vitambaa vya kushindilia. Angalieni neno letu risasi: ni jina la madini, na ni jina la kitu kitokacho bundukini. Madini hayo huyeyuka kwa moto wa kuni, hivyo mtu aliweza kujitengenezea risasi zake. Mpanda yenyewe ilikuwa na mgodi wa risasi, nao ulifungwa mwaka 1960.

Sasa fuateni kazi yenyewe. Mpigaji hupima baruti katika kipimo kidogo, huziba pembe, ndipo humimina ile ya kipimo mtutuni. Kwa nini asimimine kutoka pembeni moja kwa moja? Kwa sababu kaa dogo la mshindo uliopita huenda limebaki ndani. Likiwasha baruti ya kipimo, mtu ataungua mkono. Likiwasha pembe nzima, atapoteza mkono, au roho. Halafu hutia kitambaa na risasi, hushindilia kwa mdeki, na mwisho kabisa huweka fataki. Akiitanguliza fataki, bunduki yaweza kulia mkono ungali mdomoni mwake.

Basi mwaona kwamba kugawa vitu hivi hakukuwa pambo. Kulikuwa usalama wa mtu.

Neno la mwisho. Baruti kavu haizeeki. Hata iliyolowa, ikikauka yaweza kushika moto. Ukikuta pembe ya babu juu ya dari, usiitikise, usiichokoe kwa msumari, usiisogeze karibu na jiko. Watoe watoto, ukawaarifu viongozi wa kijiji au polisi. Na gobori nalo ni silaha: sheria yataka kibali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini pembe ilifaa kuliko chombo cha chuma?
2. Kipimo kilimkinga mpigaji na hatari gani?
3. Mtoto akileta nyumbani pembe aliyoiokota, mtafanya nini?