Mche Uliozoea Sukari ya Chupa

Msimu mmoja wa mvua mimi na mke wangu tulinunua miche kumi ya migomba iliyokuzwa maabara. Fedha zenyewe zilikuwa za chakula cha juma zima. Miche ilikuwa midogo kama kidole, yenye majani ya kijani ya kupendeza. Muuzaji aliitoa chupani siku ile ile, akatuambia tukapande tu. Tuliipanda saa sita mchana, juani. Jioni majani yalikuwa yamelala. Siku ya nne haukusalia hata mche mmoja.

Mke wangu akaniuliza: "Baba watoto, mmea wenye majani ya kijani hufaje njaa ilhali jua linawaka?" Ingawa nilisomea ualimu, sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami naliandika ili jamaa nyingine zisipoteze fedha zao kama sisi.

JIKO LILILOMO NDANI YA JANI

Jani limejengwa kwa seli ndogo mno. Ndani ya seli hizo mna vijichumba viitwavyo kloroplasti, vyenye rangi ya kijani. Vijichumba hivyo hunasa nuru ya jua, huchukua maji yaliyotoka mizizini na hewa ukaa iliyotoka nje, kisha hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Nuru ndiyo moto wa jiko hilo. Maji na hewa ukaa ndivyo unga wake.

Mwaka 1902 mtaalamu wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alieleza jinsi alivyotenga seli za kijani za majani na kuzilisha maji yenye madini na sukari. Seli ziliishi majuma kadhaa, zikanenepa, zikaweka akiba ya wanga. Lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Baadaye vichocheo vya ukuaji viligunduliwa, na mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog, huko Wisconsin, Marekani, walitangaza mchanganyiko wa chakula cha seli ambao hutumika hata leo. Una madini, vitamini, vichocheo, na sukari gramu 30 kwa kila lita.

Basi hapo ndipo penye siri. Seli inayoletewa sukari kila siku hulegea katika kujipikia. Seli nyingi za maabara hata hupauka, vijichumba vyake visikomae. Tena chupa imefungwa: taa ziwashwapo, majani humaliza upesi hewa ukaa kidogo iliyomo. Jiko lipo, lakini moto ni hafifu na unga umekwisha.

Je, uwezo huo umekufa? La hasha! Mwaka 1977, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, Wolfgang Hüsemann na Wolfgang Barz walitangaza kwamba wamekuza seli za mmea mmoja wa jamii ya mchicha bila sukari yoyote. Waliziangazia taa na kuzipa hewa yenye hewa ukaa asilimia 2, ilhali katika hewa tuvutayo sisi haifiki hata sehemu 1 katika 1,000. Seli zikaishi na kuongezeka kwa nguvu ya nuru peke yake. Uwezo ulikuwa umelala tu, ukaamshwa polepole.

KWA NINI MICHE YETU ILIKUFA

Sasa namjibu mke wangu. Miche ile haikufa kwa njaa peke yake. Kiu ndiyo iliyotangulia. Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu, hivyo jani huota likiwa na nta nyembamba, na vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kujifunga. Likitolewa juani, maji hulitoka kuliko mizizi michanga iwezavyo kuleta. Na jiko lake nalo bado halijashika moto.

NAMNA YA KUILEA

Kwanza, osha mizizi kwa maji safi mpaka ute wote wa chupani utoke, kwa kuwa sukari yake hukaribisha kuvu.

Pili, panda kila mche katika kifuko cha udongo mwepesi, safi. Weka kivulini, funika kwa nailoni inayopitisha nuru, na udongo usikauke. Baada ya siku chache anza kufunua kidogo kidogo, hata ikifika majuma mawili au matatu uondoe kifuniko.

Tatu, iache chini ya kivuli chepesi kwa majuma sita au zaidi, ukipunguza kivuli hatua kwa hatua. Ngojea majani mapya, kwa maana hayo ndiyo yatakayoulisha mgomba.

Nne, hamishia shambani mvua zikianza, wakati wa jioni, katika shimo lenye samadi.

Asiye na nafasi ya kazi hiyo anunue miche iliyokwisha kulelewa nje ya chupa. Amwulize muuzaji waziwazi, tena atazame kama ina majani mapya.

Taabu hii ina faida. Chipukizi la shambani huweza kubeba fukusi na minyoo ya mizizi, na nchini Uganda mnyauko wa bakteria umeharibu mashamba mengi tangu ulipoonekana mwaka 2001. Mche uliotoka katika maabara iliyo makini huanza maisha ukiwa safi. Lakini usafi si kinga: panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mgomba mwingine kabla ya kupitishwa motoni.

Msimu uliofuata tulinunua miche mitano tu, tukailea kama nilivyoeleza. Minne ilisimama, na mkungu wa kwanza aliukata mke wangu mwenyewe. Wazee walisema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.